Wastani wake ni 2.85, lakini fizikia ana D

Mwalimu,

Pokea salamu nyingi kutoka Lanet. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na kifungua mimba katika familia ya watoto wanne. Baba alitutoka nikiwa bado chuoni, kwa hiyo mambo mengi ya nyumba yameniangukia mimi. Nakuandikia kuhusu kitinda mimba wetu.

Kijana alimaliza kidato cha nne na A-. Mjomba wetu anaishi California, na alipoyaona matokeo alisema: mleteni, atakaa kwangu, atasoma koleji ya jamii miaka miwili kisha ahamie chuo kikuu amalizie shahada ya uhandisi wa kompyuta. Tuliuza ploti ya Bahati. Tukafanya harambee katika ukumbi wa kanisa. Mimi nikachukua mkopo wa sacco wa miezi 48, ambao hadi leo unakatwa kwenye mshahara wangu kabla sijauona. Akaondoka Agosti mwaka jana.

Wiki jana alinitumia picha ya matokeo ya mwaka wake wa kwanza. Muhula wa kwanza: uandishi wa Kiingereza, uniti 3, B. Kalkulasi ya kwanza, uniti 4, C. Historia ya muziki, uniti 3, A. Sosholojia, uniti 3, A. Muhula wa pili: uandishi na hoja, uniti 3, A. Kalkulasi ya pili, uniti 4, C. Fizikia ya kwanza, uniti 4, D. Masomo ya filamu, uniti 3, A.

Nilipomuuliza juu ya ile D, akanijibu, "Dada, usiwe na wasiwasi. Chuo Kikuu cha California kinataka mwanafunzi wa nje ya jimbo awe na wastani wa alama, yaani GPA, wa 2.8. Mimi nina 2.85. Nimeshapita." Mjomba naye ananiambia huko wanaangalia wastani, si somo moja moja, na kwamba akiongeza masomo mawili matatu mepesi muhula ujao wastani utapanda hata ufike 3. Ningependa kuamini. Lakini mimi ni mwalimu, na nikiona karatasi ambayo A zote ziko upande mmoja na C na D ziko upande mwingine, moyo hautulii.

Nisikupe picha mbaya ya mdogo wangu. Si mlevi wala si mvivu. Anafanya kazi katika mkahawa wa koleji saa 20 kwa wiki, na kila mwezi humtumia mama dola 100. Mama hununua dawa ya presha, zinazobaki anazipeleka kwenye chama. Kila Jumapili anawaonyesha wenzake kanisani ule ujumbe wa simu wa pesa zikiingia. Hajui lolote kuhusu hiyo D.

Maswali yangu ni haya. Je, ni kweli ameshapita? Kama arudie fizikia, ada hiyo itatupa faida yoyote au tutakuwa tunamwaga maji kwenye mchanga? Na je, nimwambie mama?

Dada Mkubwa, Lanet, Nakuru

*

Mwalimu mwenzangu,

Nianze na kitu ambacho naona kinakuuma zaidi ya fizikia yenyewe: mdogo wako hakukudanganya. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu yake. Kule A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni sifuri, na kila alama huzidishwa kwa idadi ya uniti za somo. Uniti zake zote ni 27, pointi zake ni 77. Ukigawanya unapata 2.85. Na ni kweli pia kwamba Chuo Kikuu cha California kinataka mwanafunzi wa nje ya jimbo anayehamia awe na angalau 2.8, huku mkazi wa California akitakiwa 2.4. Kila alichokuambia kiko sawa.

Sasa chukua karatasi ile ile ufunike kwa kiganja uandishi, muziki, sosholojia na filamu. Bakisha masomo matatu tu ambayo mhandisi wa kompyuta hawezi kuendelea bila hayo: kalkulasi ya kwanza, kalkulasi ya pili, fizikia ya kwanza. Uniti 12. Pointi 20. Wastani ni 1.67.

Huyo kijana wa 1.67 ndiye atakayesomwa na idara ya uhandisi.

Wewe na mimi tunalijua jambo hili kwa jina jingine. Mtoto wa hapa Nakuru anaweza kuleta B+ nyumbani, mtaa mzima ukapiga vigelegele, kisha akaomba uhandisi kupitia KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, na kukosa. Kwa nini? Kwa sababu klasta ya uhandisi, lile kundi la masomo yanayopimwa kwa kozi hiyo, inasoma hisabati, fizikia, kemia na somo moja la ziada, na ni huko alikoteleza. A yake ya somo la dini (CRE) na A ya Kiswahili zilipandisha wastani wa cheti, hazikugusa fizikia. Nimekuwa mwalimu wa ushauri wa masomo kwa miaka mingi, na machozi mengi niliyoyaona ofisini mwangu yalitoka kwa watoto ambao nyumbani walishangiliwa kwa wastani, wala hakuna mtu aliyewaambia waangalie klasta. Miongoni mwao wapo ambao mimi mwenyewe nilichelewa kuwaambia. Ndiyo maana barua yako sikuiweka foleni.

California hawana neno klasta, lakini wana masomo ya sharti. Kila kozi ya shahada ina orodha ya masomo ambayo mwanafunzi anayehamia anatakiwa awe ameyamaliza koleji kabla ya kuingia mwaka wa tatu. Orodha hizo haziko gizani. Kuna tovuti rasmi ya vyuo vya umma vya jimbo inayoitwa ASSIST ambako unachagua koleji unayotoka, chuo unachoenda na kozi unayotaka, nayo inakuonyesha somo kwa somo: hili la huku ndilo lile la kule. Mwambie mdogo wako akufungulie ukurasa huo mkiwa kwenye simu ya video, asome kwa sauti. Kwa uhandisi wa kompyuta atakutana na kalkulasi zinazofuata, aljebra mstari, milinganyo tofautishi, fizikia ya umeme na sumaku, na masomo ya kuandika programu. Vyuo havifanani kabisa, ndiyo maana nataka aisome orodha ya kila chuo anachokitamani, asisimuliwe na mtu. Hata mjomba asimsimulie.

Basi ile 2.8 ni nini? Ni idhini ya kupanga foleni. Chini ya hapo maombi yako hayasomwi. Ukiifikia, yanasomwa, na kwenye kozi zenye ushindani mkali kama uhandisi na kompyuta anayeyasoma anataka kujua mambo mawili: je, masomo ya sharti yamekwisha au yatakwisha kwa wakati, na je, alama zake huko zinaonyesha kwamba mtu huyu atayaweza masomo ya mwaka wa tatu? Historia ya muziki haijibu swali hilo hata ikiwa na A kumi. Na hapa, kwa heshima zote, ushauri wa mjomba ndio unaonitia hofu. Masomo mepesi yataupandisha ule wastani wa 2.85 na kuuacha ule wa 1.67 pale pale, na kila uniti nyepesi mtailipia bei ile ile ya uniti ya fizikia.

Tuje kwenye hiyo D yenyewe. Kwenye masomo ya sharti D si alama ya kupita. Koleji za jamii za California hudai C au zaidi kwenye somo la sharti kabla hazijakuruhusu kuingia linalofuata, maana yake leo hii mdogo wako hawezi kuandikishwa fizikia ya pili. Mlango umefungwa hapo, na nyuma ya mlango huo kuna masomo mengine yanasubiri. Kwa hiyo swali lako la pili lina jibu fupi: arudie. Habari njema ni kwamba D ni mojawapo ya alama zinazoweza kufutika. Koleji inaruhusu kurudia somo ulilopata chini ya C, na Chuo Kikuu cha California kinapohesabu GPA hutumia alama mpya badala ya ile ya zamani. Tuseme amepata B. Pointi 77 zinatoka 4 zinaingia 12, zinakuwa 85. Wastani wa jumla unafika 3.15. Mjomba alitaka 3, si ndiyo? Basi somo moja gumu likirudiwa vizuri linampa zaidi ya hapo, na linafungua mlango pia.

Kwenye C mbili za kalkulasi sina habari tamu namna hiyo. C ni alama ya kupita, kwa hiyo koleji haitamruhusu airudie ili kupandisha alama, na hata angeirudia mahali pengine, chuo kikuu hakingeihesabu ile ya pili. Zimekaa hapo, zitakaa hapo. Wapo wanafunzi wanaosikia hivyo wakakata tamaa, na wapo wanaoanza kuhangaika kutafuta koleji ya pili ya kuficha kosa. Asifanye lolote kati ya hayo, tena hiyo ya kuficha ni hatari kabisa, maana fomu ya maombi inadai kila koleji uliyowahi kusoma na kila alama, na anayeficha akigunduliwa anapoteza nafasi. C haifutwi, lakini inaweza kuzungukwa. Baada ya fizikia kurudiwa kwa B, masomo yake matatu ya sharti yana pointi 28 kwa uniti 12, yaani 2.33. Hapo akiongeza kalkulasi ya tatu kwa A, fizikia ya pili kwa B na programu kwa A, kila moja uniti 4, anafika pointi 72 kwa uniti 24. Ni 3.0 kamili. Na msomaji wa maombi anayatazama kwa mpangilio wa mihula: aliteleza mwaka wa kwanza, akainuka wa pili. Kupanda kwa namna hiyo kunaonekana, na kuna uzito.

Tena kuna mahali pa kulieleza. Anayeomba kuhamia Chuo Kikuu cha California huandika majibu manne mafupi, kila moja lisizidi maneno 350, na moja kati ya hayo ni la lazima: umejiandaaje kwa kozi unayoitaka? Kijana aliyerudia fizikia na kushinda ana la kusema hapo. Aliyeizunguka kwa somo la filamu hana.

Sasa wakati. Nimelifikiria hili kuliko mengine yote, na maoni yangu huenda yasikufurahishe. Maombi ya kuingia muhula wa vuli, ule unaoanza Agosti au Septemba, hupokelewa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi mwisho wa Novemba ya mwaka uliotangulia. Januari mwombaji huongeza alama za muhula uliokwisha Desemba. Anahitaji uniti 60 zinazohamishika. Ana 27, zimebaki 33, na fizikia ya kurudia ni 4 nyingine zisizoongeza hesabu hiyo. Jumla 37 kwa mihula miwili, yaani 18 au 19 kila muhula, nyingi zikiwa hisabati na maabara. Kijana aliyepata C na D akiwa na uniti 14 hawezi kubebeshwa 19. Hata akijaribu, fizikia ya pili itaangukia muhula wa Januari, kwa hiyo wakati maombi yake yanaamuliwa mstari huo utakuwa hauna alama.

Mimi ningempa mwaka wa tatu pale koleji. Aombe Novemba ya mwaka ujao, si mwaka huu, akiwa na fizikia zote mbili, kalkulasi ya tatu na programu mkononi, alama zikionekana. Najua neno "mwaka wa tatu" linavyosikika kwa mtu anayelipa mkopo wa miezi 48. Lakini linganisha na kukataliwa na vyuo vyote, au kukubaliwa kwa bahati kisha akaanguka mwaka wa tatu wa uhandisi kwa sababu kalkulasi haikukaa. Kitu kimoja tu lazima kishughulikiwe mapema: hati ya I-20, ile ya koleji inayobeba viza yake ya mwanafunzi, ina tarehe ya mwisho. Kama ilitolewa kwa miaka miwili, aende ofisi ya wanafunzi wa kimataifa aombe kuongezewa muda kabla tarehe haijafika, akiwa na sababu za kimasomo. Baada ya tarehe kupita mambo huwa magumu mno.

Umenigusa kwa swali la ada, nami nitakuambia lile ambalo sijui kama mlikaa kitako mkalizungumza kabla ya kuuza ploti. Koleji ya jamii ndiyo sehemu ya bei nafuu ya safari hii. Mkazi wa California hulipa dola 46 kwa uniti. Mgeni hulipa zaidi ya dola 300, mnalijua hilo. Lakini katika Chuo Kikuu cha California mtu asiye mkazi huongezewa zaidi ya dola 37,000 kwa mwaka juu ya karo ya kawaida. Kwa mwaka, na iliyobaki ni miaka miwili. Kwenye mfumo ule mwingine wa umma, Chuo Kikuu cha Jimbo la California, nyongeza ya mgeni ni zaidi ya dola 420 kwa uniti, kwa hiyo mwaka wa uniti 24 nyongeza inazidi dola 10,000. Bado ni mlima, lakini si mlima ule ule. Huko mgeni anatakiwa GPA ya 2.4 kama kiwango cha chini, kozi zao za uhandisi zinaheshimika na waajiri, na wao pia wanapima masomo ya sharti pale ambapo waombaji ni wengi kuliko nafasi. Ningekuwa ninyi, orodha ingeanzia hapo. Hili si la kumvunja moyo kijana. Ni la familia kujua inapanda gari la kwenda wapi.

Akiutamani bado ule mfumo wa kwanza, aulizie mpango wa uhakika wa kukubaliwa, unaoitwa TAG. Kampasi sita zinao: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Mwanafunzi huchagua kampasi moja, hujaza fomu Septemba, na akitimiza GPA na masomo yaliyotajwa kwa kozi yake anahakikishiwa nafasi. Sharti hutofautiana kwa kampasi na kwa kozi, na kozi nyingine haziingizwi kabisa, kwa hiyo asome ya mwaka husika. Utaona tena kwamba hata uhakika wenyewe umefungwa kwenye masomo yale yale ya sharti.

Akianza Agosti, ajue mambo mawili ya haraka. Akiona somo linamshinda, kuna tarehe ambayo hadi hapo anaweza kujiondoa akaandikiwa W, ambayo haiingii kwenye GPA. Ni afadhali W moja kuliko D ya pili, ingawa W nayo huhesabiwa kama jaribio moja, na koleji kwa kawaida huruhusu majaribio matatu tu. Lakini viza yake inamdai abaki na uniti 12 kila muhula. Asijiondoe kwenye somo litakalomshusha chini ya hapo bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, idhini itangulie. La pili, masomo ya sharti ayachukue kwa alama ya herufi, si kwa mpango wa kupita au kutopita tu.

Nimeacha kwa makusudi lile lililonishika koo nilipokuwa nasoma barua yako.

Umeandika kwamba anafanya kazi saa 20 kwa wiki. Hizo ndizo saa zote ambazo viza ya mwanafunzi inamruhusu muhula ukiendelea. Kanuni ya koleji ni kwamba kila uniti moja inataka kama saa 3 kwa wiki, darasani na mezani. Uniti 14 ni saa 42. Ongeza 20 za mkahawani, ni 62. Ongeza mabasi. Ongeza usingizi wa kijana wa miaka 19 aliye mbali na kwao. Kitu gani kitakatwa? Sosholojia inaweza kusomwa kwenye basi. Fizikia haisomwi kwenye basi. Inataka meza, karatasi, na kukosea maswali kumi kabla ya kupata moja. Mimi sioni mtoto asiye na kichwa kwenye matokeo hayo. Naona mtoto asiye na saa.

Halafu kuna dola 100 za mama. Ni takriban shilingi 13,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni dola 1,200. Fizikia ya uniti 4, kwa dola 300 na zaidi kila uniti, ni dola 1,200 na zaidi. Tazama vizuri, mwalimu mwenzangu: alichotuma nyumbani mwaka mzima ndicho mtakacholipa kurudia somo lililoanguka wakati alipokuwa akikitafuta. Simlaumu mama, na simlaumu yeye. Mtoto wa mwisho aliyeuziwa ploti anatamani kuonyesha kwamba ploti haikupotea, na ule ujumbe wa simu unaosomwa kanisani ndio risiti yake. Nadhani hata ile "nimeshapita" ilitoka hapo hapo. Hakuwa anakuambia habari za chuo. Alikuwa anakulinda wewe.

Kwa hiyo ninaomba familia iachie hizo pesa. Dawa ya presha isikatizwe hata siku moja, hilo halina mjadala, lakini dawa haimalizi shilingi 13,000. Ya chama inaweza kungoja. Mko watoto watatu Nakuru. Hata mngebeba kiasi chote ni kama 4,300 kwa kila mmoja, na wewe unayekatwa mkopo una haki ya kuwaambia wadogo zako wawili wabebe zaidi yako. Naye apunguze kazi hadi saa 10 kwa muhula huu wa Agosti, aende kwenye chumba cha wasaidizi wa masomo ambacho koleji nyingi za huko wanacho bila malipo, na amwone mshauri wa masomo akiwa na ukurasa wa ASSIST mkononi, si mikono mitupu.

Mama aambiwe, ila asiambiwe na wewe. Ni habari ya kijana, aibebe mwenyewe kwa sauti yake, wewe ukiwa umekaa pembeni ya mama siku hiyo. Mama aliyebaki peke yake na watoto wanne na akakubali kuuza ardhi ataielewa D. Kitakachomuumiza ni kuipata kutoka kwa mtu wa tatu baada ya miezi sita.

Kwa wasomaji wengine ambao wameniandikia kuhusu kuhama kati ya vyuo vya hapa kwetu: msichanganye mambo. Uhamisho kupitia KUCCPS unapima alama zako za klasta za KCSE, mtihani wa kidato cha nne, dhidi ya kiwango cha kukatia cha kozi unayoitaka kwa mwaka wako. A za mwaka wa kwanza chuoni hazikusogezi pale. Barua zenu nitazijibu zamu nyingine.

Dada Mkubwa, mpigie Jumapili hii saa moja jioni. Kwake itakuwa saa tatu asubuhi, kabla hajatoka. Usianze na fizikia. Anza kwa kumwambia kwamba mwezi huu asitume zile dola 100, dawa ya mama imeshanunuliwa. Kisha nyamaza kidogo, umwachie nafasi ya kusema.